Tulichonyimwa Kwanza ni Usingizi

Mtu akishajua kwamba niliwahi kuishi na kutumika katika boma la nabii, hunisogelea na kushusha sauti. Anataka mazito. Eti kweli kulikuwa na joka chini ya madhabahu? Alikuwa akilala na wasichana wa kwaya? Hela zilikuwa zikienda wapi? Mimi nikianza kumweleza habari za saa za kulala, ndoo ya simu na chai ya saa saba usiku, naona macho yameshaanza kutangatanga. Alifuata damu, mimi namletea habari za usingizi.

Nitaziandika hizo hizo. Kadiri ninavyokaa na wenzangu waliotoka, ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba yale makubwa yanayofika magazetini hujengwa juu ya haya madogo, na kwamba anayeyaruka hataelewa makubwa yalipitia wapi.

Jina lake sitalitaja, wala mji. Yuko pwani ya Kenya, angali anahubiri. Tulimwita Baba, mkewe tukamwita Mama. Sisi tuliokaa ndani tuliitwa wana wa nyumba, na jina hilo tulilionea fahari kuliko majina tuliyopewa na wazazi wetu.

Niliingia kwa furaha. Anayesimulia mambo haya akiiruka hiyo furaha, msimwamini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne kwa alama zisizonifikisha popote, nikasomea uchapaji, nikazunguka na bahasha ya kaki kutoka ofisi moja hadi nyingine. Kanisani alihitajika mtu wa kuandika orodha ya wenye haja za maombi: jina, kijiji, shida. Nikawekwa nyuma ya meza ya plastiki na daftari. Jumapili moja Baba alipita, akainama, akautazama mwandiko wangu, akasema mbele ya watu kwamba mkono ule Mungu alikuwa akiutafuta. Hakuna aliyewahi kuniambia neno kama hilo, si mwalimu, si mzazi, si hao wenye ofisi. Watu hudhani nilivutwa na muujiza. Nilivutwa na ile sifa.

Haukupita muda nikahamia bomani. Nyuma ya kanisa palikuwa na safu ya vyumba vya mabati, wasichana upande huu wa uwanja, vijana wa kiume upande ule. Maombi ya usiku yalianza saa tatu, yakaisha saa sita. Lakini saa sita hakuna aliyekwenda kulala, maana Baba alikuwa na wageni, na wageni wakishaondoka alipenda kuongea, na akiongea wana wa nyumba sharti wawepo. Chai yake iliandaliwa saa saba: maziwa matupu, tangawizi ya kupondwa kwenye kinu wala si ya unga, iliki mbili, sukari kando. Aliyeileta alisimama karibu na kiti mpaka kikombe kikauke. Iliyobaki kwenye birika tuligawana, kila mtu kidogo, tukaiita baraka.

Saa kumi alfajiri kengele ililia tena. Kabla ya hapo suti ya siku iwe imeshapigwa pasi, na suti zake zilikuwa nyeupe. Umeme ukikatika tulitumia pasi ya mkaa, na nguo nyeupe kwa pasi ya mkaa ni mtihani. Lazima upulizie majivu mbali, utandaze kitambaa chenye unyevu juu ya kola, na usisinzie. Msichana mmoja alisinzia. Alipozinduka, ncha ya pasi ilikuwa imeacha alama ya hudhurungi nyuma ya koti. Hakupigwa, wala hakukaripiwa. Aliambiwa kwa upole kwamba adui amepata mlango katika nyumba hii, na mlango wenyewe ni yeye. Akafunga siku tatu, bila chakula, ili mlango uzibwe. Aliporudi mezani alimshukuru Baba huku analia, na sisi tukalia naye kwa shukrani.

Leo najua mwili usiolala hufanya nini. Hulia upesi. Hutetemeka bila baridi. Huona mwanga pembeni mwa jicho, husikia jina lake likiitwa. Mtu ambaye hajalala vizuri kwa miezi, ukimwambia saa tisa usiku kwa sauti laini kwamba anapendwa, atabubujikwa na machozi, na kwetu machozi hayo yalikuwa dalili kwamba Roho ameshuka. Mimi bado ni mtu wa kanisa, jambo linalowaudhi baadhi ya wanaonihurumia, na sina haja ya kubishana na mtu kama Mungu alikuwepo usiku ule. Ninachojua ni kwamba hatukuwahi kupata nafasi ya kulitazama swali hilo tukiwa tumelala usingizi wa kutosha.

Nilipotoka nikaanza kusoma habari za watu wa mbali, na nilichokuwa nikikitafuta ni ratiba. Katika jimbo la Oregon, Marekani, kati ya mwaka 1981 na 1985, wafuasi wa guru wa Kihindi Bhagwan Shree Rajneesh, ambaye baadaye aliitwa Osho, walijenga mji mzima katika ranchi ya ekari 64,000. Wengi wao walikuwa wasomi, watu waliokuwa na kazi nzuri makwao. Walijenga kutwa kucha bila mshahara, na saa zile zilihesabiwa kuwa ibada. Guru mwenyewe alikuwa na magari ya Rolls-Royce zaidi ya 90, na wafuasi walijipanga kando ya barabara kumwona akipita polepole na gari la siku hiyo. Niliposoma hapo nilicheka peke yangu. Sisi tulijipanga langoni, na gari lilikuwa Prado.

Jamii ile inakumbukwa zaidi kwa sumu. Mwaka 1984 baadhi ya viongozi wake walitia bakteria wa salmonela katika vyakula vya mikahawa ya mji wa The Dalles, watu 751 wakaugua. Ni kisa cha kutisha, na ndicho kinachosimuliwa. Ila mimi hujiuliza ni saa ngapi walizokuwa wamelala wale waliotumwa.

Ndoo ya simu ilikuwa ya buluu, ile ya lita ishirini, imekaa nyuma ya mlango wa ukumbi. Mwanzoni tuliziweka humo wakati wa maombi tu, kila simu imebandikwa kipande cha karatasi chenye jina. Kisha ikawa siku za mfungo. Kisha ikawa zinatolewa Jumamosi alasiri, kwa muda mfupi, Mama akiwa ameketi hapo hapo. Usiku wakati tunaomba ungezisikia zikilia ndani ya ndoo moja baada ya nyingine, na kila mtu aliujua mlio wa yake. Nilimjua mama yangu kwa mlio ule. Alikuwa akipiga usiku kwa sababu ndio wakati alipokuwa akimaliza kazi zake, na baadaye niliambiwa kwamba wakati mwingine alikuwa akiacha tu ilie, ili nijue yuko. Kaka yangu alipeleka mahari Kaloleni bila mimi. Mjomba alizikwa bila mimi. Baba alikuwa na mafundisho yake kuhusu roho za ukoo na namna zinavyomwandama mtu aliyeitwa, kwa hiyo kila msiba nilioukosa ulihesabiwa kuwa ushindi.

Kuhusu fedha sina mengi. Hatukulipwa, na walichotutumia jamaa kwa M-Pesa tulikitaja na kukitoa. Sodo tuliomba kwa Mama, na aliandika tarehe. Jambo hili la sodo nimeliona likiwafanya wanawake waliotoka wanyamaze ghafla, wakiwa wameshazungumza vizuri juu ya mengine yote.

Alhamisi usiku kulikuwa na kikao cha kusafisha moyo. Tuliketi duara, kila mmoja akasema alilowaza vibaya wiki hiyo, hasa juu ya Baba. Kulikuwa na counterbook kubwa ya jalada jeusi, na kwa sababu ya ule mwandiko wangu, mwandishi nilikuwa mimi. Kwa hiyo najua kilichomo. Asilimia kubwa ni mambo ya watu waliochoka: nilitamani kulala, nilimkasirikia Mama, nilimkumbuka mtoto wangu. Lakini likishaandikwa na kusomwa miezi mitatu baadaye mbele ya wote, lilikuwa limegeuka. Kumkumbuka mtoto kulikuwa kutazama nyuma kama mke wa Lutu. Mtaalamu wa magonjwa ya akili wa Marekani, Robert Jay Lifton, aliwahoji watu waliopitia magereza ya China ya Mao, na katika kitabu alichokitoa mwaka 1961 aliliweka hili la kuungama bila kikomo miongoni mwa nguzo za mfumo unaotaka kuutawala moyo wa mtu. Nilishangaa. Nilidhani ni ubunifu wa boma letu.

Kuna jambo moja Lifton hangeweza kunieleza, nalo ni utamu wa kikao kile. Watu wanasahau kuna raha kubwa katika kusikilizwa. Wengi wetu tulitoka katika nyumba ambazo hakuna aliyetuuliza moyoni mwetu mna nini. Hapa tuliulizwa kila Alhamisi. Tulipendana kwelikweli, tukachongeana kwelikweli, usiku ule ule.

Nje ya kikao, kimya. Kumsema mtiwa mafuta kulikuwa kujitafutia ukoma kama wa Miriamu. Uganda, huko Kanungu, viongozi wa kundi lililojiita la kurejesha Amri Kumi za Mungu walikwenda mbali zaidi: wafuasi wao walizuiwa kuongea wasije wakavunja amri kwa ulimi, wakawa wanaelewana kwa ishara za mikono. Tarehe 17 Machi 2000 mamia yao waliteketea ndani ya jengo la kanisa, na baadaye miili mingine ikafukuliwa katika nyumba za viongozi. Watu walionusurika au waliotoka mapema walikuwa wachache, na walikuwa wamezoezwa kutosema.

Mimi nilitoka kwa sababu ya homa ya matumbo. Ningependa kusema nilifunguka macho, lakini sikufunguka kitu. Niliombewa, nikazidi kuzorota, na mgonjwa anayezorota baada ya kuombewa ni aibu ya nyumba, kwa hiyo usiku mmoja nilipakiwa kwenye gari na kushushwa kwa mama yangu Mariakani, na begi. Nilitibiwa. Kisha nikalala. Nililala mchana, nililala jioni, niliamka kula uji na kulala tena. Mama hakuniuliza habari za Baba hata siku moja. Majirani walikuja na maswali yao, akawa anawapokea ukumbini na kuwaambia mtoto amelala. Akili yangu ilirudi kidogo kidogo, na haikurudi na mambo ya dini. Ilirudi na hasira ndogo ndogo: ile chai, yule msichana na koti, ile ndoo. Siku nilipofungua kinywa nilimwambia, "Mama, kule tulikuwa hatulali." Akanijibu, "Najua, mwanangu. Niliyaona macho yako harusini kwa dada yako." Harusi hiyo ilikuwa miaka kabla. Alikuwa ameliona jambo lile muda wote huo, akaamua kupiga simu na kuiacha ilie.

Wenzangu walitoka mmoja mmoja. Dereva alitoka baada ya kukatazwa kwenda kumwona mtoto aliyelazwa. Mpiga ngoma alifukuzwa. Dada mmoja wa Taita aliolewa nje, ikabidi aondoke. Tulianza kukutana katika kibanda cha chai, bila mpango, na nikaona jambo moja: kila mgeni huanza na kitu kidogo. Haanzi na unabii wa uongo wala na pesa. Dereva alianza na kuosha gari saa tisa na nusu usiku. Mpiga ngoma alianza na vitumbua alivyonyimwa. Ukimkatiza umuulize makubwa, hatafika. Na hatukubaliani. Mpiga ngoma mpaka leo anaamini Baba alikuwa na upako wa kweli ukaharibika njiani. Dereva anaamini alikuwa tapeli tangu siku ya kwanza. Wamegombana juu ya hilo mpaka mwenye kibanda akawaomba washushe sauti.

Tulipoanza kusema nje ya kibanda, tulipata majina madhabahuni. Wanaume waliitwa Absalomu, wanawake Yezebeli. Hayo tuliyatarajia. Kilichonichosha ni watu wema wa nje na lile swali lao: mbona mlikaa? Huulizwa kana kwamba palikuwa na siku moja ambayo mlango ulifungwa na sisi tukauangalia ukifungwa. Mahali pa kuiona siku hiyo hapakuwepo. Ukitoa usingizi saa moja leo, simu kesho, mshahara usioutaja, msiba mmoja unaoukosa, hakuna hata kimoja kinachotosha kumfanya mtu avunje nyumba anayopendwa.

Wala kusema hakutoshi kila mara. Mwaka 1978 kijana wa Kimarekani, Deborah Layton, alitoroka katika makazi ya mhubiri Jim Jones kule Guyana. Mwezi Juni alitoa hati ya kiapo. Humo alieleza chakula kibovu, kazi ya mashambani kutwa, ving'ora vilivyokuwa vikiwaamsha watu usiku, na mazoezi ya kufa kwa pamoja. Onyo lilikuwepo, kwa maandishi. Tarehe 18 Novemba mwaka huo walikufa zaidi ya watu 900.

Na sisi tuna Shakahola, ule msitu ambamo wafuasi wa mhubiri Paul Mackenzie walifunga kula hadi kufa. Mackenzie alikuwa ameshakamatwa mwaka 2017, wakati mafundisho yake yalipokuwa yakiwatoa watoto shuleni. Watu waliotoka kwake na jamaa za waliobaki walisema. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilikuja kuthibitisha mwaka 2024 kwamba taarifa zilifikishwa kwa maafisa wa Malindi na hazikufanyiwa kazi. Kufikia mwishoni mwa 2023, msitu ule wa Kilifi ulikuwa umetoa miili zaidi ya 400, mingi ya watoto. Mackenzie alikana mashtaka. Lakini kilichonifanya nisilale wakati ule, mimi ninayeupenda sasa usingizi, ni kesi nyingine ndogo: Juni 2023, watu 65 waliookolewa msituni walifikishwa mahakamani Shanzu kwa kosa la kujaribu kujiua, kwa sababu waligoma kula katika kituo walichowekwa. Niliwatazama kwenye televisheni, wamekonda, macho yale nayajua. Walikuwa wametolewa msituni, lakini hakuna aliyekuwa bado amewapa muda wa kulala na kurudi. Serikali ilitaka wazungumze na wakubali kula, mara moja, kama watu wazima wenye akili zao. Kifungu kile cha sheria ya adhabu kilibatilishwa na Mahakama Kuu Januari 2025, wao wakiwa wameshakipitia.

Wazazi hunipigia. Kijana wao amehamia kwa nabii fulani, wafanye nini? Huwa wamejiandaa kwa mjadala wa Biblia, wana aya zao wamezipigia mstari. Nawaambia aya waziache. Mpigie, muulize amekula nini, amelala saa ngapi. Mtumie nauli ya kurudi bila kusema ni ya kurudi. Usimtukane nabii wake, maana jioni ataungama kwamba alikusikiliza. Wengine hunisikia. Baba mmoja alinikatia simu akisema yeye hatambembeleza mtoto wa miaka 27.

Baada ya Shakahola kumekuwa na makamati. Jopokazi lililoongozwa na Mutava Musyimi lilikabidhi ripoti yake kwa Rais mwaka 2024, na mjadala umekuwa juu ya kusajili makanisa na kuwadai wahubiri vyeti vya theolojia. Sina ugomvi na vyeti. Nabii wetu anavyo viwili ukutani, vimewekewa fremu. Mimi ningeanzia kwingine. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi siku moja ya mapumziko katika kila saba, na inataka mkataba wa kazi ya miezi mitatu au zaidi uandikwe; mwajiri asipokuwa nao, mzigo wa kuthibitisha masharti humwangukia yeye. Mtu anayeosha gari, anayepika, anayepiga pasi na kuandika orodha miaka nenda miaka rudi katika nyumba ya mtu mwingine, muite utakavyo, lakini mkaguzi wa kazi aingie humo amuulize ana saa ngapi za kulala. Imani haikaguliki. Ratiba inakaguliwa.

Dereva ndiye aliyelichukua jambo hili kwa uzito. Alikwenda ofisi ya leba akiwa na daftari la gari, maana alikuwa na mazoea ya kuandika saa ya kutoka, saa ya kurudi, na lita za mafuta, na siku alipoondoka aliondoka nalo mfukoni. Jumapili zimo, Krismasi zimo. Upande wa pili unasema alikuwa mshirika aliyejitolea, na mtu hamdai Mungu mshahara. Kesi imeahirishwa mara kadhaa. Mpiga ngoma amekubali kuwa shahidi, mimi pia. Dada wa Taita bado anafikiria, kwa sababu dada yake mdogo angali bomani, na ndiye sasa anayechemsha chai.